Nyumba ya Yeyo katika Ploti ya Elphas

Mahali petu panaitwa Kwa Kisemei, kwa sababu Kisemei ndiye aliyetuuzia. Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya unaiacha lami, unafuata njia ya udongo mweusi ambayo mvua ikinyesha inakushika viatu, na ukishachoka vizuri unaanza kuona mabati yaking'aa. Hao ndio sisi. Tulianza kufika mwaka wa tisini na sita, mmoja mmoja, kila mtu na choo chake cha shimo, kila mtu akiamini kwamba umeme ungefika mwezi unaofuata. Mimi ni Nyakio. Nilitoka Ol Kalou nikiwa mjane, nikafuga kuku wa mayai na kufungua duka dogo kwenye kona, na watu huniita Mama Ngugi kwa jina la mwanangu. Nitaeleza mambo kama nilivyoyaona. Pale nilipokasirika nitasema nilikasirika, sina haja ya kujifanya malaika.

Elphas Makokha alikuja mwaka wa tisini na tisa, na ploti yake ikapakana na yangu. Alikuwa mtu wa Bungoma, karani katika kiwanda kimoja kule Athi River, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hata Jumamosi, na pikapu ya Peugeot iliyokohoa asubuhi mpaka kuku wangu wakaizoea. Mkewe, Naliaka, alifundisha chekechea. Walikuwa na binti mmoja, Sheryl. Ploti yao ilikuwa nzuri kuliko zetu zote, imeinuka kidogo, maji hayatuami, na bado Kisemei aliwauzia kwa bei ya chini kuliko aliyotuuzia sisi. Sababu ilikuwa imesimama katikati ya ploti yenyewe: nyumba ya mama yake.

Mama huyo aliitwa Nalangu, lakini sote tulimwita Yeyo, ndivyo Wamaasai wanavyomwita mama. Nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, fito kwa fito, akaikandika kwa mavi ya ng'ombe na majivu, na kila baada ya mvua alipanda juu kuziba nyufa, mwanamke wa umri ule, mpaka mtu unafumba macho. Kwao ardhi na ng'ombe ni vya mwanamume, lakini nyumba ni ya mwanamke aliyeijenga. Ranchi ya kikundi, ardhi yao ya pamoja, ilipogawanywa, hati ilitoka kwa jina la Kisemei, naye akauza. Nyumba hakuweza kuuza kwa sababu haikuwa yake.

Siku ya kupatana nilikuwepo, mimi ndiye niliyepika chai. Kisemei alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia Elphas, "Mama atakaa hapo mpaka aende mwenyewe. Hiyo sitaki tuandike. Nataka tu useme na mdomo."

"Mzee, mama yako ni mama yangu," Elphas akasema. "Akae."

Na kweli alimaanisha. Alijenga nyumba ya mabati ya vyumba viwili pembeni, karibu na ua wangu, akisema ni ya muda. Ramani ya nyumba ya mawe aliiviringisha akaiweka juu ya kabati. Yeyo aliendelea kukaa katikati na mbuzi wake na mbwa wake wawili wenye hasira, na Naliaka akawa anampelekea uji asubuhi, na jioni wanakaa pamoja mlangoni, mmoja na Kimaasai chake, mwingine na Kibukusu chake, na Kiswahili cha kuokotaokota katikati. Sijui walielewana vipi. Lakini nilikuwa nikiwasikia wakicheka.

Yeyo hakuficha alichotaka. Alinieleza mimi dukani, alimweleza Naliaka, alimweleza kila aliyekuwa na masikio. "Mimi nimehama sana," alisema. "Ng'ombe inaenda, unavunja nyumba, unabeba kwa punda, unajenga tena. Hii nilijenga nikisema sasa imetosha. Nitafia hapa ndani." Alikuwa akisema hivyo huku akivuta ugoro, bila huzuni yoyote, na mimi niliona ni ombi dogo kwa mtu aliyejenga nyumba nyingi namna ile.

Isitoshe, alikuwa na faida kwetu ambayo watu walikuwa wakijifanya hawaioni. Wezi walituandama miaka ile. Ukisafiri kuzika mtu, ukirudi unakuta mabati yameng'olewa na milango imebebwa pamoja na fremu. Tuliunda kamati ya usalama, mwenyekiti akiwa Bedan Githinji, koplo mstaafu, naye akatununulia filimbi na kututungia sheria za kupuliza. Tulikutana kila mwezi kuongea usalama. Lakini mchana, wakati wenye kazi wako kazini na wenye watoto wako sokoni, aliyebaki ni Yeyo amekaa penye mwinuko wake na kuona kila anayeingia. Mtu mgeni alisimamishwa na mbwa, kisha na yeye. Siku moja vijana wawili walikuja na mkokoteni wakasema wametumwa kuchukua tangi langu la maji likazibwe. Yeyo aliwauliza jina la mtoto wangu. Hawakulijua, wakaondoka na mkokoteni wao mtupu. Hilo Bedan hakuliweka katika ripoti ya kamati.

Sasa nieleze hofu ya Elphas, maana bila hiyo utamwona mtu mbaya tu, na hakuwa mtu mbaya.

Baba yake alinunua shamba Kitale zamani, akalilima miaka mingi. Kwenye kona ya shamba kulikuwa na kaburi la mzee fulani, mfanyakazi wa mzungu aliyekuwa na shamba hapo kwanza. Baba yake Elphas hakulijali, alilizunguka na mahindi tu. Kisha wajukuu wa yule mzee wakaja na kusema babu yao amelala pale, kwa hiyo pale ni kwao. Kesi ilikwenda mpaka baba yake Elphas akafa, na mwisho familia ikaondoka. Elphas alinieleza habari hiyo siku moja akinunua mkate. "Mama Ngugi," akasema, "hati ni karatasi. Kwetu sisi kaburi ndiyo hati. Mtu akishalala mahali, watoto wake hawatoki hapo tena."

Nikamwambia amuulize Kisemei mama atazikwa wapi, yaishe.

Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Nimuulize mtu mama yake atazikwa wapi, na mama mwenyewe anakula ugali? Atasema namwombea kifo."

Hapo sikumlaumu, maana hata kwetu Nyandarua huwezi kumuuliza mtu hivyo. Basi Elphas akabaki na swali lake tumboni, miaka mitano. Kila Yeyo alipokohoa, yeye ndiye aliyekosa usingizi. Naliaka aliniambia kwamba mumewe alikuwa akiamka alfajiri kuchungulia dirishani kama moshi umeanza kutoka kwenye nyumba ya Yeyo. Watu wangedhani ni mapenzi.

Mwaka wa elfu mbili na nne, baridi ya mwezi wa saba ilikuja kali. Yeyo akaanza kukohoa kikohozi cha ndani, akaacha kutoka mlangoni. Naliaka akawa analala huko, akimgeuza na kumkanda kifua. Kisemei alikuja mara mbili kutoka Kajiado mjini alikokuwa amehamia, akakaa na mama yake, akaondoka. Mara ya tatu, siku ya Ijumaa, alikuja na wanaume wengine wawili wenye mashuka na jembe.

Mimi nilikuwa nikiwapa kuku chanjo, kwa hiyo niliona kwa jicho la pembeni tu. Walizungukazunguka ploti, wakisimama na kutazama chini. Halafu wakaenda penye mgunga ulio mpakani, wakachimba. Hawakukaa sana. Wakarudi ndani kwa Yeyo, baadaye wakaenda zao bila hata kunisalimu, jambo ambalo si la kawaida kwa Kisemei.

Jioni Elphas akarudi kutoka kazini. Nilimwona akishuka kwenye pikapu, akafuata nyayo mpaka kwenye mgunga, akasimama pale na mkoba wake wa kazi mkononi. Lilikuwa shimo la kwenda chini kiasi cha magoti, refu kuliko pana. Alisimama mpaka nikaanza kumwonea huruma. Kisha akaingia ndani, na taa yake haikuzimwa mapema.

Hakumuuliza mtu. Kisemei alikuwa na simu ya mkononi kufikia wakati ule, na namba yake ilikuwa imeandikwa kwa chaki kwenye mlango wa duka langu. Hakumpigia.

Kesho yake, Jumamosi, Naliaka alikwenda Kitengela kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Alikuwa hataki kwenda, lakini Elphas alimwambia aende tu, yeye atampeleka Yeyo kliniki ya Isinya, na Mama Ngugi atafuatana naye. Alikuwa amekuja kuniomba mapema asubuhi. Niliona ni jambo la busara. Nikafunga duka, tukambeba Yeyo katika blanketi, alikuwa mwepesi vibaya, tukamkalisha mbele katikati yetu, kichwa chake begani mwangu.

Kliniki walimpima, wakampa sindano na dawa za kumeza. Daktari, kijana mwenye miwani, alituambia ni mapafu, na kwa umri wake ni kumtunza tu: joto, uji mwepesi, mtu wa kumgeuza. "Msimsafirishe kwa barabara mbovu," alisema. "Kifua hakitastahimili." Elphas akaitikia kwa heshima, akamshukuru, akambeba Yeyo mwenyewe mpaka kwenye gari. Nasema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alimbeba kama unavyombeba mama yako.

Halafu tukafika barabarani, na badala ya kuelekea Kitengela akakata njia ya Kiserian.

Nilidhani anatafuta petroli. Tulipoipita nyumba ya mwisho nikasema, "Baba Sheryl, umekosa njia."

"Sijakosa, Mama Ngugi. Nampeleka kwa Katoo."

Katoo ni mdogo wake Kisemei, kitindamimba wa Yeyo, anayechunga ng'ombe wa familia kule Ewuaso Kedong, ng'ambo ya Milima ya Ngong. Siku zile njia ya kutoka Isinya mpaka Kiserian ilikuwa mawe matupu. Kutoka Ngong kuteremka Ewuaso ilikuwa mbaya zaidi.

"Daktari amesema nini sasa hivi? Wewe si ulikuwa hapo?"

"Nitaenda polepole. Mtu mgonjwa anafaa kuwa na mtoto wake. Na kwao kitindamimba ndiye hukaa na mama, uliza mtu yeyote."

"Rudisha gari."

"Mama Ngugi, tafadhali."

"Elphas, rudisha gari." Sikuwahi kumwita kwa jina lake kavu kabla ya siku ile. Alikaza mikono kwenye usukani akaendelea. Nilimtukana kwa Kikuyu kuanzia pale mpaka bonde linalofuata, na maneno niliyotumia mama yangu hakunifundisha. Yeye alitazama njia. Alikuwa akiendesha polepole kweli, akikwepa kila jiwe, jasho likimtoka katika baridi ile.

Yeyo alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala. Tulipofika mahali Milima ya Ngong inapoonekana mbele, kubwa na karibu, alifumbua macho akaitazama, kisha akamtazama dereva. Nyumbani sisi tunaiona milima hiyo kwa mbali. Alijua mara moja.

"Elpas," akasema. "Rudisha mimi."

"Yeyo, tunaenda kwa Katoo. Atakuangalia vizuri. Ako na maziwa, ako na watoto wa kukuchekesha."

"Katoo ako na bibi. Bibi ako na nyumba yake. Mimi niko na yangu."

Elphas alikwepa jiwe jingine. Yeyo alingoja jibu. Lilipokosekana akarudisha kichwa begani mwangu, na tangu hapo hakusema neno lingine, si Kiserian, si Matasia tulikosimama kununua maji, si kwenye mteremko ambapo kila mruko wa gari ulimtoa sauti ndogo puani. Ile sauti ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote. Ningekuwa naweza kuendesha gari ningemsukuma Elphas nje.

Katoo alistaajabu kutuona, lakini mgeni ni mgeni. Tulipewa chai ya maziwa matupu. Mkewe alitandika ngozi katika nyumba yake, akawahamisha watoto. Yeyo alikataa kuingia. Aliketi nje, ameegemea ukuta wa nyumba isiyo yake, amejifunika blanketi, mpaka jua likaanza kwenda na baridi ikaja, ndipo mke wa Katoo akambembeleza akainama na kuingia. Mlango wa nyumba zile ni mfupi, kila mtu huinama. Elphas alimweleza Katoo kwamba daktari amesema mama anahitaji kuwa na watu wake. Katoo akanitazama mimi. Nikasema kwa sauti kwamba daktari hakusema hivyo. Katoo akatutazama wote wawili, akamwagia mbwa chai iliyobaki, akasema, "Basi. Amefika." Ungefanya nini mahali pake? Kumrudisha barabara ile ile kulikuwa ni kumuua.

Naliaka alikuwa amesimama njiani tuliporudi. Alitazama ndani ya gari, akatazama nyuma ya gari, akanitazama. Nikamweleza palepale, mbele ya mumewe, na sikupunguza. Hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja: "Alisema nini?" Nikamwambia alivyosema. Akaingia ndani.

Siku iliyofuata, baada ya kanisa, alikwenda Ewuaso mwenyewe. Alirudi kesho yake usiku ukiingia, vumbi mpaka kwenye nyusi. Yeyo hawezi kuinuka, aliniambia, lakini anaongea. Amesema akipata nguvu atarudi, na kwamba ufa wa upande wa mashariki uzibwe kabla ya mvua. Basi Naliaka, mwalimu, mwenye kucha safi, akaniomba nimtafutie mavi ya ng'ombe kwa mtu ninayemuuzia mayai, akachanganya na majivu, akapanda juu ya ile nyumba na kuanza kukandika. Hakujua kazi ile. Ilikuwa ikimdondokea kichwani. Nilikwenda nikamsaidia kwa kumpa matope kutoka chini, na watu waliopita walidhani tumerogwa. Elphas alirudi kutoka kazini akatukuta. Alisimama kidogo, akasema tutaanguka, akaingia ndani kubadilisha shati.

Siku hizo hizo mtu aliingia mchana kwa Bedan akabeba pampu ya maji na baiskeli. Bedan aliitisha mkutano, akataka tununue filimbi kubwa zaidi. Niliwaambia yule aliyekuwa akiona wageni tumemhamisha wenyewe. Watu walitazama chini, kisha wakaongea juu ya filimbi.

Yeyo alikufa kabla ya wiki ya pili kwisha, ndani ya nyumba ya mke wa Katoo. Kisemei alipiga simu dukani kwangu. Hakutaja jina la mama yake, kwao jina la marehemu halitajwi. Alisema tu, "Yule mzee wetu ameenda."

Tulikwenda maziko sisi watatu katika ile pikapu, mimi nikiwa katikati, mahali alipokaa Yeyo. Mhubiri alisali kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Kaburi lilikuwa nyuma ya zizi la Katoo. Mimi nilikuwa nikimtazama Elphas, si kaburi. Nitasema nilichokiona: udongo ulipoanza kuingia, mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye, watu walipokaa kula, alimwendea Kisemei na kumpa pole kwa mikono miwili. Mimi na Naliaka tulikuwa karibu.

"Mzee, pole sana. Nilifikiri ni vizuri awe na nyinyi."

"Umefanya kazi," Kisemei akasema. Hakuwa na ukali. Alikuwa na rungu mkononi akilizungusha polepole. "Lakini ungenipigia simu. Ningekuja tuongee."

"Niliona mnachimba," Elphas akasema. Sidhani alikusudia kulisema. Lilimtoka tu. "Pale kwa mti."

Kisemei alifikiri kidogo. "Ile? Ile ni mizizi ya olkiloriti, huo mgunga. Tunachemsha na supu, inafungua kifua. Alikunywa kikombe mbili siku hiyo." Kisha nikaona ameelewa, maana rungu liliacha kuzunguka. "Wewe ulifikiri ni kaburi."

Elphas akavuta mkono wa shati lake.

"Elphas, sisi mtu akifa mahali, tunaachia hapo. Nyumba inaanguka yenyewe, boma linahama. Hakuna mtoto wa kwetu atarudi kusema hapa ni kwake kwa sababu mama alikufia hapo. Hiyo ni desturi yenu." Alisema bila dharau, kama mtu anayeeleza njia. "Na yeye alijua yenu. Huyu mama Sheryl alimwambia kitambo habari ya baba yako na Kitale. Mwaka juzi akatuita, mimi na Katoo. Akasema, nikimaliza msinizike kwa Elphas, huyo mtu anaogopa kaburi. Mnilete hapa nyuma ya ng'ombe. Lakini nimalizie kwangu. Hivyo tu ndiyo alitaka."

"Kwa nini hukuniambia?" Sauti ya Elphas ilikuwa ndogo.

"Ningekuambiaje? Nikuje kwako nikuambie mama yangu akikufa nitafanya hivi, na yeye amekaa hapo anakunywa uji? Hiyo si adabu."

Walisimama pale, wanaume wawili wenye adabu nyingi. Nilikuwa na hamu ya kuwagonganisha vichwa. Miaka mitano ya chai na mikono ya heshima, na kila mmoja akilinda mdomo wake, mpaka mwanamke akaburutwa juu ya mawe kwa jambo ambalo mwenyewe alikuwa ameshalimaliza. Mmoja wao angekuwa mkosa adabu kidogo tu, kama mimi, Yeyo angekufa kwake.

Tuliondoka kabla jua halijashuka. Gari lilipanda mteremko likinguruma, mpaka tukaipita Ngong na watu wa Matasia wakaanza kuonekana na mitungi yao ya maji. Hapo Elphas akakohoa kidogo, ile ya mtu anayetaka kuanza.

"Basi, Mungu amlaze pema," akasema. "Na tushukuru kwamba hakuna ugomvi na wenyewe. Mwezi wa kumi tunaweza kuanza msingi."

Naliaka alikuwa akitazama nje upande wake. Mikono yake, nilikuwa naiona mapajani, ilikuwa bado na rangi ya kijani ya mavi ya ng'ombe penye kucha.

"Baba Sheryl," akasema, kwa upole wa kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari ya chumvi. "Mimi nikiugua, utanipeleka wapi?"

Elphas alicheka kidogo. Akamtazama mkewe juu ya kichwa changu, akaona hatanii, na kicheko kikaishia hapo. Alifungua mdomo. Nilingoja pamoja na Naliaka, kwa sababu kulikuwa na mambo mengi mtu angeweza kusema pale, na hata la uongo lingefaa.

Alibadilisha gia. Barabara ya mawe ilianza baada ya Kiserian, na aliiendesha polepole, akikwepa kila jiwe, mpaka nyumbani.